Thrila ya Familia Iliyotekwa: Venye Inafanya Kazi, na Venye Unaweza Kuishuti Kibera ama Kawangware

Uko na simu yenye kamera poa, uko na mabeshte watano wenye wanajua kuigiza, na ganji yako ni kidogo hadi inakaa utani. Utatoa muvi gani? Wasee wengi kwanza huwaza bunduki, magari na kufukuzana. Wachana na hiyo, itakumaliza mfuko kabla siku ya pili. Kuna aina moja ya muvi yenye imekuwa ikiokoa madairekta wasio na doo tangu kitambo: familia moja, nyumba moja, mlango umefungwa, na ndani kuna mtu mwenye hakufaa kuwa hapo.

Hapa tumekuwekea kila kitu mahali pamoja. Hii aina ya muvi ni gani, ilitoka wapi, Wakenya wamefanya nini karibu nayo, na ukiileta Kibera ama Kawangware inabadilika aje. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu zaidi. Ukinakili za Wazungu venye zilivyo, mtu wa Gatwekera atacheka katikati ya muvi yako, na atakuwa na haki.

NI MUVI AINA GANI?

Jina refu ni thrila ya kisaikolojia. Maana yake ni kwamba woga hautoki kwa damu na milipuko, unatoka kwa kile kinaendelea kichwani mwa watu. Hujui mtekaji atafanya nini. Hujui nani kwa familia atavunjika kwanza. Hujui hata kama mathe ana mpango ama ameshakata tamaa.

Ziko za aina tatu:

Ya kwanza, mtu wa nje anaingia. Majambazi, wafungwa waliotoroka, ama mgeni mwenye adabu aliyebisha hodi akiomba kitu kidogo. Hii ndiyo imezoeleka.

Ya pili, hatari iko nje na familia imejifungia yenyewe. Usiku ni mrefu na swali ni kama mlango utashika hadi asubuhi.

Ya tatu, mtekaji ni mtu wa hiyo nyumba. Baba, mjomba, mume wa mama. Hakuna aliyevunja mlango, juu mwenye funguo ndiye mwenye anatisha. Hii ndiyo ngumu zaidi kuandika, na kwa mtaa ndiyo iko karibu na ukweli kushinda zingine zote. Tutairudia.

ILITOKA WAPI?

Moja ya zile za kwanza kushika dunia ni The Desperate Hours ya mwaka wa 1955, dairekta akiwa William Wyler na Humphrey Bogart akiigiza jambazi aliyetoroka jela. Ilianza kama riwaya ya Joseph Hayes ya 1954, ikawa mchezo wa jukwaani, kisha muvi. Majambazi watatu wanaingia kwa nyumba ya familia ya kawaida kabisa na kuishi nao.

Stori ya nyuma yake ni ya kukushtua. Mwaka wa 1952, familia moja ya Pennsylvania, Marekani, yenye baba, mama na watoto watano, ilishikiliwa ndani ya nyumba yao na wafungwa watatu waliotoroka. Ilikuwa kwa saa 19. Baadaye familia ilisema hawakupigwa, na hata waliongeleshwa kwa heshima. Lakini jarida la Life lilipoandika kuhusu mchezo wa Hayes mwaka wa 1955, lilifanya ikae ni kama yale mateso ya jukwaani ndiyo yaliyowapata. Familia ikaenda kortini. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, wakili wao akiwa Richard Nixon, yule mwenye baadaye alikuwa rais. Mwaka wa 1967 mahakama ikaamua kwa upande wa jarida. Weka hiyo stori akilini, juu tutaihitaji tukifika kwa mambo ya skripti.

Mwaka wa 1997 dairekta Michael Haneke akatoa Funny Games huko Austria. Familia iko likizoni kwa nyumba ya kando ya ziwa. Vijana wawili wenye glavu nyeupe wanakuja, mmoja akiomba mayai tu. Heshima ni nyingi, sauti ni ya chini, na ndani ya muda mfupi familia nzima iko mikononi mwao. Ajabu ni kwamba karibu vurugu yote inafanyika nje ya picha. Wewe unasikia tu, na unaangalia uso wa mwenye anasikia. Haneke mwenyewe aliirudia kwa Kiingereza mwaka wa 2007, karibu picha kwa picha.

Mwaka wa 2009 Yorgos Lanthimos wa Ugiriki akatoa Dogtooth. Hapo wazazi ndio watekaji. Watoto wao, wenye wameshakuwa watu wazima, hawajawahi kutoka nje ya ua. Wanafundishwa hata maana za uongo za maneno ndiyo wasielewe dunia. Ilifika hadi uteuzi wa Oscar.

Alafu kuna The Purge ya 2013, yenye wengi wenu mmeiona kwa muvi shop ya mtaa. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 3, ikaingiza karibu milioni 89 kote duniani. Buda anauza mitambo ya usalama, nyumba yake ni kama ngome, na bado usiku unawapata. Kama hujaiona ruka hii sentensi: watu wanaokuja kuwamaliza mwishoni ni majirani wao wenyewe, wenye walikuwa wakiwaonea wivu.

MBONA NI RAHISI KWA MFUKO?

Sababu ni nne, na ukizijua utazitumia.

Lokesheni ni moja. Hulipi usafiri wa mbogi nzima kila siku, na vitu vyako vinalala penye unashuti.

Waigizaji ni wachache. Watu wanne ama watano wazuri wanatosha. Huhitaji umati.

Unaweza kushuti kwa mpangilio wa stori, mwanzo hadi mwisho. Muvi nyingi haziwezi, juu zinaruka kutoka mahali hadi mahali. Kwa nyumba moja, waigizaji wanachoka kweli, ndevu zinamea kweli, sufuria chafu zinaongezeka kweli.

Na kifaa si lazima kiwe kikubwa. Steven Soderbergh, mwenye tayari ana Oscar kwa rafu, alishuti Unsane ya 2018 kwa iPhone. Ni thrila ya mwanamke anayefungiwa hospitali ya magonjwa ya akili bila kutaka. Picha za simu zilifanya kuta zikae karibu zaidi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema hawezi kuanza bila kamera kubwa, mwonyeshe hiyo.

KENYA TUKO WAPI?

Bado hakuna ile muvi moja ya Kenya ya familia iliyotekwa yenye kila mtu anaijua. Lakini ziko zenye zimezunguka huo mlango.

Malooned (2007), ya Bob Nyanja, ndiyo ya kuanzia. Mwanaume na mwanamke wanafungiwa ndani ya choo cha jengo refu hapa Nairobi, na ni wikendi, hakuna mtu. Ni watu wa makabila tofauti, na kila mmoja amebeba yale aliyofundishwa kuhusu mwenzake. Hakuna jambazi ndani ya hiyo muvi. Kuta zinawashika, na chuki yenye waliingia nayo ndiyo inawatesa. Ilitoka mwaka ule ule wenye ulimalizika na uchaguzi wa Desemba, na vita vyenye vilifuata.

Kati Kati (2016), ya Mbithi Masya, yule wa Just A Band. Kaleche, akiigizwa na Nyokabi Gethaiga, anaamka porini bila kukumbuka chochote na kufika kwa loji moja. Anaambiwa amekufa, na hakuna kutoka. Mwenyeji wake ni Thoma, aliyeigizwa na Elsaphan Njora. Imeshutiwa mahali pamoja na iko na watu wachache, lakini ilifika Toronto na kurudi na tuzo ya wahakiki.

Nairobby (2021), ya Jennifer Gatero. Wanafunzi wa chuo wanaiba pesa za karo, wanajificha ndani ya jengo moja wakingoja kutulie, na kuaminiana kunaanza kuisha.

Kwa upande wa Kibera yenyewe, historia iko. Kibera Kid (2006) ya Nathan Collett ni muvi fupi ya dakika 12. Collett akarudi na Togetherness Supreme (2010), kuhusu vijana wa Kibera wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, ikishutiwa huko huko na watu wa huko. Kutoka kwa kazi hiyo hiyo ya Hot Sun Foundation kuna Kibera Film School, yenye imefunza vijana wa mtaa kushika kamera na kuediti. Mwaka huo huo wa 2010 Hawa Essuman akatoa Soul Boy, skripti ya Billy Kahora, kuhusu kijana Abila mwenye baba yake amepoteza roho. Nayo ilishutiwa Kibera. Kwa hivyo usiseme mtaa hauna watu wa kazi. Wako, na wengine wanaishi nyuma ya kwenu.

KIBERA SI KANDO YA ZIWA

Sasa tufike kwa ile kitu yenyewe.

Karibu muvi zote za Wazungu za aina hii zinategemea kitu kimoja: umbali. Nyumba iko peke yake, jirani yuko mbali, simu imekatwa, ukipiga nduru hakuna wa kusikia. Ondoa umbali na stori inaanguka.

Kibera hakuna umbali. Keja ya kawaida ni chumba kimoja, kumi kwa kumi ama juu kidogo. Ukuta ni udongo ama bati, na wakati mwingine wewe na jirani mnatumia ukuta mmoja. Unajua jirani anapika nini. Unajua amekohoa mara ngapi usiku. Unajua redio yake inashika stesheni gani. Ukileta jambazi wa Funny Games hapo, aseme maneno yake ya polepole na ya kutisha, watu wa plot nzima wameshayasikia kabla amalize.

Wasee wengi wakifika hapa wanasema basi haiwezekani. Wanaandika stori ikae Karen ama Runda, mahali hawajawahi kulala hata usiku mmoja, na inakuwa ya uongo kuanzia dakika ya kwanza.

Lakini geuza swali. Wacha kuuliza "watasikika aje?" Jua kwamba watasikika. Uliza hii: kama kila mtu anasikia, mbona hakuna anayekuja?

Hapo ndipo thrila ya mtaa iko. Majibu unayajua juu umekulia ndani yake. Jirani wa kwanza anasema ni mambo ya nyumba, mtu na bibi yake. Wa pili anamjua mtekaji, anajua mbogi yake, na ana watoto wake wa kufikiria. Wa tatu alishawahi kuingilia kesi kama hiyo, ikaisha akiwa yeye ndiye adui wa pande zote mbili. Wa nne hataki karao waje kwa plot, juu karao wakija hawatabeba mtu mmoja. Wa tano anaongeza sauti ya redio.

Huyo wa tano mwandike vizuri. Mtazamaji akiwa ndani na familia, asikie ile redio ya ng'ambo ya bati ikipanda, ajue kabisa kwamba jirani amesikia. Hakuna kufuli ya Hollywood inayoweza kutisha kama hiyo.

KUNA KITU INGINE: CHOO NA MAJI

Nyumba ya Marekani ina kila kitu ndani. Mtekaji anaweza kukaa wiki nzima bila kufungua mlango. Keja ya Kibera choo kiko nje, mara nyingi cha kulipia, na maji ni ya kupimiwa kwa mtungi. Mafuta ya kupika yanaisha. Maziwa ya mtoto ni ya kioski. Kwa hivyo mtekaji wa Kibera analazimika kumwachilia mtu kila siku.

Wengine wanaona hii ni shida ya skripti. Ni zawadi. Chukua sini hii: asubuhi, msichana wa miaka 11 anatumwa maji na mtungi wa lita 20. Ndugu yake mdogo amebaki ndani, ameketi karibu na yule jamaa. Msichana anapita kwa mama mboga, kwa kinyozi, kwa wazee wa drafti. Kila mtu anamsalimia. Anaweza kuambia yeyote. Anapanga laini, anajaza, analipa, anarudi na maji. Anajifungia mwenyewe kwa mlango ule ule.

Hakuna kamba na hakuna bunduki, na bado hakuna mtazamaji atakayepumua. Na hiyo sini inakugharimu mtungi mmoja na bei ya maji.

Simu nayo usiisahau. Za zamani walikata waya tu. Siku hizi mtekaji anataka simu ikae imewashwa, juu ganji iko kwa M-Pesa na namba ya siri iko kichwani mwa mathe. Simu ikilia ni nani? Chama, mwalimu wa shule, shosho wa ocha. Mathe anajibu kwa sauti ya kawaida na jicho la mtu liko kwake. Shosho anauliza, "Mbona unaongea hivyo, mwanangu?" Hapo umepata dakika tano za muvi bila kuhamisha kamera.

KAWANGWARE NI TOFAUTI

Usichanganye hii mitaa miwili. Kutoka moja hadi nyingine si mbali, lakini kwa stori ni vitu viwili.

Kawangware, kuanzia Congo, Gatina hadi huko 46, plot nyingi ni za vyumba vinavyozunguka ua mmoja wenye bomba, kamba za nguo na geti. Zingine ni mabati, zingine ni mawe, na magorofa yanazidi kuongezeka. Geti linafungwa usiku, na kuna mtu mwenye funguo: keriteka ama landilodi mwenyewe.

Kwa hivyo Kawangware inakupa mduara wa pili. Familia imefungiwa chumba, na plot nzima imefungiwa geti. Baada ya saa tano usiku, hata jirani mwenye roho ya kusaidia lazima kwanza aamshe keriteka. Keriteka anauliza kwa nini. Hapo jirani lazima aseme kwa sauti, kwa ua, kila mlango ukisikia. Hiyo ni sini ya uamuzi, na ni ya watu wawili wamesimama wamevaa leso na koti usiku.

Kibera ina vichochoro, na Kawangware ina geti. Chagua mtaa wako kabla uandike ukurasa wa kwanza.

WAKATI MTAA MZIMA ULIFUNGIWA

Kama unataka ile aina ya pili, ya hatari kuwa nje, hutahitaji kubuni mengi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kuna familia Kibera zilikaa ndani siku nyingi, taa zimezimwa, watoto wakiambiwa wasilie. Soko la Toi liliteketezwa. Reli iling'olewa. Nchi nzima, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kawangware nayo iliona vurugu zake Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, na watu wakafunga milango mchana.

Swali la hapo ni moja na kila mtu wa umri fulani analijua: mtu akibisha, unajibu kwa lugha gani? Jibu la mtu mmoja linaweza kuokoa nyumba ama kuichoma. Ukiandika hii, kumbuka watazamaji wako wa mstari wa mbele wanaweza kuwa walikuwa ndani ya nyumba kama hiyo. Na hapo ndipo ile kesi ya Pennsylvania inarudi. Ile familia ililia juu mateso ya kubuniwa yalibandikwa kwao. Kama umesikia stori ya jirani, badilisha majina, kazi, idadi ya watoto na mwisho wake. Alafu nenda umwulize kama yuko sawa na yenye imebaki. Akikataa, andika ingine.

KUSHUTI: MAMBO YA MKONO

Sauti ndiyo itakuua kwanza. Mvua ikigonga bati, hakuna neno litasikika. Jumapili kuna spika za kanisa, Ijumaa kuna adhana, jioni kuna muvi shop. Panga maongezi ya maana kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana siku za wiki, watoto wakiwa shule. Tundika blanketi nzito kwa kuta zenye hazionekani kwa picha. Kisha rekodi dakika mbili za chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwa ndani. Utazishukuru ukiediti.

Nafasi ni shida ya pili. Ndani ya kumi kwa kumi, waigizaji wanne, kitanda na kabati, kamera itasimama wapi? Hapa mabati yanakusaidia. Bati limepigwa misumari, na misumari inatoka. Ongea na landilodi, ng'oa shiti moja, weka kamera nje ikiangalia ndani, jioni mrudishe. Studio kubwa hujenga kuta za kutoka kwa sababu hiyo hiyo. Lenzi pana inasaidia, lakini ukiizidisha, chumba kitakaa sebule ya Runda na umeharibu stori.

Mwanga: koroboi, taa ya solar, mwanga wa tundu la bati. Tumia zenye ziko. Stima ikipotea usilie, endelea kushuti.

Ruhusa sasa. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kutengeneza muvi ya kuonyesha watu, na muvi ikiisha, bodi ya KFCB ndiyo inaikagua na kuipa daraja: GE ya watu wote, PG, 16 ama 18. Thrila kama hii itaangukia zile mbili za juu, kwa hivyo jipange. Pia pitia kwa chifu na kwa wazee wa mtaa. Ukiruka wazee, utashuti siku moja tu.

Na hii ni ya usalama, isome mara mbili. Mwigizaji wako atapiga nduru "Saidieni!" ndani ya bati. Ama neno "mwizi" litatoka. Unajua neno hilo linafanya nini mtaani. Mwendee kila jirani mlango kwa mlango siku moja kabla, na tena asubuhi yenyewe. Weka mtu nje wa kueleza wapita njia. Usibebe bunduki bandia hadharani, hata ya plastiki, juu karao wa doria hatauliza kama ni muvi. Sare ya polisi bila ruhusa ni kosa la sheria. Kama kuna mtoto kwa waigizaji, mzazi awe ndani ya chumba muda wote, na mtoto aambiwe kila sini ni mchezo kabla na baada.

MAKOSA YENYE TUMECHOKA NAYO

Mtekaji mwenye kovu usoni na rasta. Mtu mbaya wa mtaa mara nyingi ni yule anayesalimia vizuri na kulipia watu chai.

Mama wa kulia tu. Mwenye anajua kugawa unga wa siku mbili ukafika siku tano ndiye mwenye anafikiria haraka zaidi ndani ya hicho chumba. Mpe mpango.

Karao kufika mwisho na kuokoa kila mtu. Nani ataamini?

Na kuonyesha takataka na mtaro kila dakika mbili ndiyo mtu wa ng'ambo aone umaskini. Familia yako iko na pazia safi, sahani zimepangwa kwa kabati, na picha ya graduesheni ya mtu ukutani. Hiyo ndiyo nyumba yenye mtu anaogopa kuipoteza.

ILE AINA YA TATU

Tulisema tutairudia. Mtekaji mwenye jina lake liko kwa risiti ya kodi. Anabeba simu ya bibi akienda kazi. Anahesabu dakika za kwenda sokoni. Watoto wanajua hatua zake kwa mlio wa viatu. Mchana mlango uko wazi kabisa, na hakuna anayetoka.

Ukiandika hii, hakuna mtu wa mtaa atauliza kama inawezekana. Watauliza ni nani amekuambia. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watu Dhidi ya Vurugu za Nyumbani, ya mwaka wa 2015, inahesabu hata kunyima mtu pesa na kumtisha kama vurugu, na korti inaweza kutoa amri ya kumlinda. Mhusika wako anaweza kuwa hajui hilo. Jirani wake pia.

Kwa hivyo ukimaliza kuediti, kabla majina hayajapanda, weka namba hizi kwa skrini zikae sekunde kumi nzima. 1195 ni ya vurugu za kijinsia, ni bure, saa 24. 116 ni ya watoto, bure pia, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. 999 ama 112 ni polisi. Jirani naye anaweza kupiga, si lazima awe ni yule aliye ndani. Na hizo sekunde kumi, usiweke muziki juu yake. Kwa ukumbi kunaweza kuwa na mtu anazisoma kwa haraka ndiyo azishike kichwani, juu simu yake si yeye anaibeba.